Kutoka Old Moshi hadi Berlin: Urithi wa Kilimanjaro katika Makasri na Makumbusho ya Ujerumani

Watanzania wanaosafiri kwenda Ujerumani kwa masomo, kazi, biashara au mapumziko hufikia mara nyingi katika jiji la Berlin na mji jirani wa Potsdam, ambako makasri ya wafalme wa zamani na makumbusho ya sanaa hutembelewa na watu kutoka kila pembe ya dunia. Kwa mgeni anayetoka mkoa wa Kilimanjaro, ziara hiyo ina uzito wa pekee. Baadhi ya vitu vilivyomo katika majengo hayo, na baadhi ya vile vilivyopotelea humo, vilitoka Moshi, Kibosho na Marangu, na kimoja kilitoka kwenye kilele cha mlima wenyewe.

Makala haya yanaeleza vitu hivyo ni vipi, vilifikaje huko, ni hatua gani zimefikiwa katika kuvitafuta, na mambo ambayo mwananchi anaweza kuyaona hapa nchini kabla ya kupanda ndege.

Wajumbe wa Mangi Rindi

Safari ya watu wa Moshi kwenda Berlin si jambo jipya. Mwaka 1889 Mangi Rindi, aliyefahamika kwa wafanyabiashara wa pwani kwa jina la Mandara, alituma wajumbe wake Ujerumani wakifuatana na msafiri Otto Ehlers, wakiwa na zawadi kwa Kaisari Wilhelm II. Ehlers alirejea baadaye Kilimanjaro akiwa na zawadi za Kaisari kwa Mangi. Rindi alikuwa mtawala mwenye akili nyingi za kisiasa, aliyejua kuwatumia wageni dhidi ya washindani wake mlimani, na ni dhahiri kwamba kwake yeye huo ulikuwa ujumbe wa mtawala kwa mtawala mwenzake. Wajerumani hawakuuona hivyo. Miaka minne kabla ya safari hiyo, Karl Jühlke alikuwa amekwisha kufunga na Rindi mkataba ambao Ujerumani iliutumia kudai kwamba Kilimanjaro ni eneo lake.

Mwaka huohuo wa 1889, Oktoba 6, Mjerumani Hans Meyer na Mwaustria Ludwig Purtscheller walifika kwenye kilele cha Kibo. Meyer, aliyetoka katika ukoo wa wachapishaji wa vitabu wa Leipzig, alisimika bendera ya nchi yake, akakiita kilele hicho kwa jina la Kaisari, kisha akaokota jiwe lililokuwa juu kabisa na kuondoka nalo. Marangu inamkumbuka hadi leo Yohani Kinyala Lauwo kuwa kiongozi wa njia katika safari hiyo, ingawa vitabu vingi vya Ulaya vilivyoandikwa baadaye viliwataja wazungu wawili tu.

Jiwe katika ukumbi wa kombe

Jiwe hilo liligawanywa sehemu mbili. Moja Meyer alimtunuku Kaisari, na nyingine akabaki nayo nyumbani kwake.

Sehemu ya Kaisari ilipelekwa Potsdam, katika kasri linaloitwa Neues Palais, maana yake Kasri Jipya. Upya huo ni wa kulinganisha tu, kwa kuwa lilijengwa kati ya mwaka 1763 na 1769 kwa amri ya Mfalme Friedrich II wa Prussia. Liko upande wa magharibi wa bustani kubwa ya Sanssouci, na lilikuwa moja ya makazi ya Wilhelm II hadi utawala wake ulipoanguka mwaka 1918. Ndani yake kuna ukumbi ambao kuta na nguzo zake zimepambwa kwa makombe ya baharini, madini, visukuku na mawe ya thamani, kiasi cha kumfanya anayeingia adhani yuko ndani ya pango la baharini. Katika mapambo ya ukumbi huo ndimo lilimowekwa jiwe la Kibo.

Inafaa kutafakari maana ya tendo hilo. Katika ukumbi ule jiwe la Kilimanjaro halikuwekwa ili watu wajifunze habari za volkano au za Wachaga. Liliwekwa kama pambo, na pia kama alama: mlima mrefu kuliko yote barani Afrika ulihesabiwa kuwa mali ya Kaisari, na kipande cha kilele chake kilikuwa ukutani kwake kuthibitisha hivyo.

Jiwe hilo lilitoweka baadaye, na kasri halina tena jiwe la Meyer la kumwonyesha mgeni. Mtanzania anayelipia kiingilio na kusimama katika ukumbi wa kombe anaona mahali, haoni kitu chenyewe. Hata hivyo kufika hapo kuna faida yake. Ni vigumu kuelewa ukoloni kwa kusoma tarehe peke yake, na ni rahisi zaidi kuuelewa mtu anapoona jinsi mtawala alivyoipamba sebule yake.

Nusu ya pili ilibaki katika ukoo wa Meyer, na hatimaye ikaingia mikononi mwa mfanyabiashara wa vitabu na vitu vya kale nchini Austria. Mwaka 2022 kundi la wasanii liitwalo PARA lilifanya jambo lililozua mjadala mkubwa katika Makumbusho ya Grassi mjini Leipzig. Wasanii hao walipanda Zugspitze, mlima mrefu kuliko yote Ujerumani wenye mita 2,962, wakakata sentimita chache za kilele chake na kutangaza kwamba kipande hicho kitashikiliwa hadi jiwe la Kilimanjaro litakaporudishwa Tanzania. Baadhi ya Wajerumani walikasirika kwamba kilele chao kimechezewa. Hasira hiyo, bila shaka, ndiyo iliyokusudiwa na wasanii wale.

Kuhusu kilele chenyewe, jina la Kaisari liliondolewa Tanganyika ilipopata uhuru Desemba 9, 1961, usiku ambao Luteni Alexander Nyirenda alisimika Mwenge na bendera ya taifa juu ya Kibo. Tangu hapo kinaitwa Uhuru, na urefu wake ni mita 5,895.

Kasri lililojengwa mara ya pili

Katikati ya Berlin kuna jengo ambalo ratiba nyingi za watalii huanzia hapo. Kwa nje linaonekana kuwa kasri la karne ya 18 lenye kuba na sanamu, lakini ni jengo la juzi. Kasri la awali la wafalme wa Prussia liliharibiwa vibaya na mabomu ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, na Serikali ya Ujerumani Mashariki ikalibomoa mwaka 1950. Mahali pake pakajengwa Kasri la Jamhuri, lililofunguliwa mwaka 1976, nalo likabomolewa baada ya Ujerumani kuungana. Jengo la sasa, Humboldt Forum, limerudishiwa sura ya kale katika pande tatu, na lilifunguliwa kwa umma mwaka 2021.

Katika ghorofa zake za juu yamo maonyesho ya Makumbusho ya Ethnolojia ya Berlin, taasisi iliyoanzishwa mwaka 1873. Makumbusho hayo yanahifadhi takriban vitu 10,000 kutoka Tanzania, na vilivyo vingi viko ghalani, havioneshwi. Kuna mikuki, ngao, vyombo vya nyumbani, mapambo, ngoma na vitu vya ibada. Baadhi vilinunuliwa na vingine vilitolewa zawadi, lakini sehemu ya vitu hivyo ilichukuliwa na wanajeshi wa kikoloni katika vita, ikiwemo Vita vya Majimaji ya mwaka 1905 hadi 1907. Mwishoni mwa mwaka 2024 yalifunguliwa humo maonyesho kuhusu historia za Tanzania, yaliyoandaliwa kwa ushirikiano na Makumbusho ya Taifa ya Tanzania, ambamo swali la namna vitu hivyo vilivyopatikana liliwekwa mbele badala ya kufichwa nyuma ya kabati.

Mgeni anayesimama mbele ya kitu chochote humo hana haja ya kuwa mtaalamu. Inatosha asome kibao na kujiuliza mambo matatu: kitu kimetoka wapi, kilichukuliwa mwaka gani, na aliyekileta alikuwa nani. Kibao kikitaja Moshi na mwaka 1893, kwa mfano, msomaji wa historia atajua mara moja kwamba huo haukuwa mwaka wa biashara.

Mwaka 1891 Hermann von Wissmann alikuwa amemshambulia na kumshinda Mangi Sina wa Kibosho, aliyekuwa na ngome ya mawe. Rindi alifariki mwaka huohuo, na mwanawe Meli akashika utawala wa Moshi. Juni 1892 askari wa Meli waliwashinda Wajerumani waliokuja kumvamia, na kamanda wao, Baron von Bülow, akauawa. Wajerumani waliiacha Moshi kwa muda. Walirudi Agosti 1893 chini ya von Schele wakiwa na jeshi kubwa zaidi, wakamshinda Meli na kujenga boma lao hapo.

Kichwa ambacho hakijapatikana

Machi 2, 1900, utawala wa Kijerumani uliwanyonga viongozi 19 wa Wachaga, Wameru na Waarusha mjini Moshi, mahali ambapo leo panaitwa Old Moshi. Walituhumiwa kupanga njama ya kuwashambulia Wajerumani. Miongoni mwao walikuwemo Mangi Meli wa Moshi na Mangi Molelia wa Kibosho. Simulizi za ukoo zinasema kichwa cha Meli kilikatwa na kupelekwa Ujerumani.

Simulizi hiyo haikuwa ya ajabu kwa wakati wake. Madaktari na wanaanthropolojia wa Berlin, akiwemo Felix von Luschan wa Makumbusho ya Ethnolojia, walikuwa wakikusanya mafuvu ya binadamu kutoka makoloni kwa ajili ya kile walichokiita sayansi ya mbari, na waliwaomba maofisa wa jeshi na watawala wa wilaya wawapelekee. Sehemu ya mikusanyo hiyo ilihamia baadaye katika hospitali ya Charité, na mwaka 2011 ikakabidhiwa kwa Taasisi ya Urithi wa Utamaduni wa Prussia, ambayo ndiyo inayosimamia makumbusho ya serikali mjini Berlin. Watafiti wa taasisi hiyo walichunguza mafuvu zaidi ya 1,100 yaliyotoka katika iliyokuwa Afrika Mashariki ya Wajerumani. Takriban 900 yalionekana kuwa ya Rwanda ya leo, na takriban 200 ya Tanzania.

Kwa Wachaga wa enzi hizo jambo hili liligusa mzizi wa imani. Desturi yao ilikuwa kumzika marehemu, kisha baada ya muda kuifukua mifupa na kuliweka fuvu mahali patakatifu ndani ya kihamba, penye mimea ya isale, ili mzee aendelee kuwa karibu na kizazi chake. Mtawala aliyezikwa bila kichwa alikuwa hajapumzishwa. Ndiyo maana mjukuu wa Mangi Meli aliendelea kukidai kichwa cha babu yake kwa miongo mingi, wakati ambapo watu wachache sana nje ya Old Moshi walikuwa wakisikiliza.

Mwaka 2018 mjukuu huyo alitoa sampuli ya vinasaba ili ilinganishwe na mafuvu ya Berlin. Matokeo ya uchunguzi huo yalitangazwa Septemba 2023. Katika mafuvu 8 yaliyopimwa, moja lililingana kikamilifu na mzao aliye hai wa Akida, aliyekuwa mshauri wa Mangi Meli. Mawili mengine yalikaribia kabisa kulingana na ukoo wa Molelia. Ilikuwa mara ya kwanza kwa taasisi hiyo kuwatambua ndugu walio hai kwa njia ya vinasaba. Fuvu la Mangi Meli mwenyewe halikuwemo.

Miezi michache baadaye, Oktoba 31, 2023, Rais Samia Suluhu Hassan alimpokea jijini Dar es Salaam Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani, na kueleza kuwa Tanzania iko tayari kwa mazungumzo kuhusu yaliyotokea wakati wa ukoloni. Siku iliyofuata Rais Steinmeier alikwenda Makumbusho ya Majimaji mjini Songea, akakutana na wazao wa mashujaa na kuomba radhi kwa niaba ya nchi yake.

Kurudishwa kwa mabaki si jambo lisilowahi kutokea. Juni 19, 1954, fuvu la Mtwa Mkwawa wa Wahehe lilirudishwa Kalenga, Iringa, na Gavana Edward Twining, baada ya kupatikana katika makumbusho ya Bremen. Mkataba wa Versailles, katika ibara ya 246, ulikuwa umeitaka Ujerumani ilikabidhi ndani ya miezi 6. Ilichukua miaka 35. Anayetaka kuliona fuvu hilo leo hahitaji viza, kwani liko katika makumbusho ya Kalenga.

Vingine vya kuona

Mgeni aliyefika Berlin asiondoke bila kuingia Makumbusho ya Historia ya Asili, ingawa hayahusiani na Kilimanjaro. Katika ukumbi mkuu amesimama mjusi mkubwa wa kale kutoka Tendaguru, mkoani Lindi, mwenye kimo cha zaidi ya mita 13. Mifupa yake ilichimbwa kati ya mwaka 1909 na 1913 na mamia ya Watanzania, kisha wapagazi wakaibeba kwa miguu hadi bandari ya Lindi.

Leipzig iko kusini magharibi mwa Berlin, na ni mwendo mfupi kwa treni. Makumbusho ya Grassi yaliyotajwa hapo juu yana vitu vya Kilimanjaro, vikiwemo vile vinavyohusiana na safari za Hans Meyer.

Kwa wanaojiandaa kusafiri, viza ya Schengen ya muda mfupi humruhusu mwenye nayo kukaa siku zisizozidi 90 ndani ya siku 180, na bima ya safari inatakiwa kugharamia matibabu yasiyopungua euro 30,000. Maombi yawasilishwe mapema, kwa sababu miadi hujaa hasa katika miezi ya kiangazi cha Ulaya. Humboldt Forum na Neues Palais hufungwa Jumanne, na Makumbusho ya Historia ya Asili hufungwa Jumatatu. Anayekwenda Neues Palais kwa treni ashuke katika kituo cha Park Sanssouci, kilicho karibu zaidi na kasri hilo kuliko kituo kikuu cha Potsdam.

Kuanzia nyumbani

Ziara hii yote ina maana zaidi kwa aliyeanzia mlimani. Kutoka mjini Moshi, barabara ya Kiboriloni hupanda hadi Old Moshi, makao ya Rindi na Meli kabla reli haijafika mwaka 1911 na kuuhamishia mji tambarare. Huko uko mti unaotajwa na wenyeji kuwa ndio walionyongewa viongozi wale, na tangu mwaka 2019 Mangi Meli ana kumbukumbu yake pamoja na maonyesho yanayoeleza maisha yake na msako wa kichwa chake. Si mahali pakubwa, na kibanda cha tiketi cha Potsdam pengine kina msongamano mkubwa zaidi. Lakini hapo mgeni husikia majina ambayo vibao vya Ulaya haviyataji.

Marangu kuna nyumba za asili za Wachaga, na mapango yaliyochimbwa na wenyeji ili kujificha wao na mifugo yao wakati wa vita. Mapango hayo yanastahili kuingiwa na yeyote anayedhani kwamba ustadi wa ujenzi ni wa wafalme wa Ulaya pekee. Ni membamba mlangoni, hivyo adui alilazimika kuingia mmoja mmoja akiwa ameinama.

Wananchi wanakumbushwa kuwa Sheria ya Malikale ya mwaka 1964 inakataza kusafirisha vitu vya kale nje ya nchi bila kibali. Mkuki, ngao au kibuyu cha babu kinachonunuliwa kwa fedha kidogo na mpita njia kinaweza kuingia katika safari ileile ya jiwe la Kibo. Familia zenye vitu vya namna hiyo zinaweza kupata ushauri wa namna ya kuvitunza kutoka kwa maofisa utamaduni wa halmashauri zao au kwa Makumbusho ya Taifa.

Koo zenye simulizi kuhusu ndugu waliochukuliwa au kuuawa wakati wa utawala wa Kijerumani nazo zinashauriwa kuziandika sasa, wakati wazee wangali hai, zikitaja majina, vijiji na undugu wa kila anayetajwa. Uchunguzi wa vinasaba wa mwaka 2023 haukuanzia maabara. Ulianzia kwenye koo zilizokuwa bado zinajua kwamba mzee wao aliondolewa Old Moshi mwaka 1900, na zilizoweza kumwonyesha mtafiti mjukuu wa kumpima.